Siku Mbili Katika Ukungu wa Sapa

Tuliwasili Sapa, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Vietnam, mvua ikinyesha na baridi ikipenya mifupani. Mji huo uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sisi watu wa pwani tulijitanda shali juu ya mabuibui. Nia yetu ilikuwa kuuona mlima Fansipan, wenye mita 3,147, mrefu kuliko yote nchini humo. Ukungu uliufunika siku zote mbili.

Wasiwasi mkubwa ulikuwa chakula, kwani huko nyama ya nguruwe ni kitoweo cha kawaida. Usiku wa kwanza watoto walilala na tende na biskuti tu. Asubuhi mwenye nyumba, bibi wa kabila la Wahmong, akatuonyesha kwa ishara mayai, mchele na mboga za bustanini mwake. Tukampa sufuria tuliyotoka nayo Mombasa; akaiosha mbele yetu, akapika. Tukala pamoja kando ya moto, lugha hatuelewani.

Mlima hatukuuona. Hata hivyo, Alhamdulillahi, watoto wakiulizwa habari za safari, huanza na wali wa bibi yule.