Kazi Yangu ya Kuzungukia Mikahawa

Mhariri ameniandikia akiniomba niwaeleze wanafunzi wa leo kazi niifanyayo tangu nilipoiacha shule yetu. Nakubali kwa furaha, ingawa sitayasema mazuri matupu.

Mimi ni msimamizi wa mikahawa minane ya kampuni moja iuzayo kuku na chipsi, kati ya Naivasha na Eldoret. Kila mkahawa una meneja wake. Mimi sipiki wala siuzi. Kazi yangu ni kuzunguka, kutazama, kupima na kuandika, ili alaye Nakuru apate chakula kile kile apatacho wa Eldoret. Mfano wa kazi hii ulio maarufu watoka Marekani. Ray Kroc alifungua mkahawa wake wa McDonald's huko Des Plaines, karibu na Chicago, mwaka 1955, na mwaka 1958 msaidizi wake Fred Turner akatunga mwongozo wa kurasa 75 ulioeleza kila jambo, hata unene wa chipsi. Watu hudhani nashiba kuku kila siku. Kusema kweli, nabeba viazi vitamu kutoka nyumbani.

Chombo changu kikubwa ni kipimajoto chenye sindano. Kuku mbichi hana budi kukaa katika baridi isiyozidi nyuzi 5, na akipikwa, joto la ndani lifike nyuzi 74. Kila baada ya saa mbili meneja hupima friji na kuandika daftarini.

Katika mkahawa mmoja meneja alikuwa mtu nimjuaye sana. Nilipoingia Kidato cha Kwanza, yeye alikuwa kiranja wa bweni letu. Usiku wa kwanza nililia kwa baridi na upweke; akanifunika blanketi lake, wala hakumwambia mtu. Kwa hiyo hata kazini nilimwita Dada, na kwa heshima nilimpigia simu siku moja kabla ya kwenda kumkagua. Daftari lake lilikuwa safi siku zote, nami nikampa alama zote.

Siku moja mwaka 2022 gari langu liliharibika karibu na hapo, nikaingia bila ya kupiga simu. Ilikuwa saa tano asubuhi. Daftari lilikuwa limekwisha jazwa mpaka saa kumi na mbili jioni: nyuzi 3, 4, 3, 4. Nikachoma sindano katika kuku. Nyuzi 12! Umeme ulikuwa umekatika usiku.

"Dada, hii ya saa kumi na mbili imetoka wapi?"

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe huangalia kama limejazwa. Nikiandika ukweli kuku wote watamwagwa, na hasara itakatwa katika mishahara ya vijana wangu hawa."

Hayo yalikuwa kweli. Fomu yangu iliuliza kama daftari limejazwa. Haikuuliza kama limejazwa kwa haki. Na kwa miaka miwili sikuwahi kuchoma sindano yangu katika friji ya Dada.

Tulimwaga kuku wote, vijana wakitazama kimya. Dada akanisihi yaishie pale. Nilikaa stoo juu ya gunia la viazi kwa muda mrefu, kisha nikaandika yote: daftari, kuku, mishahara iliyokatwa, na simu zangu na alama nilizozitoa bila ya kupima. Dada alisimamishwa kazi majuma mawili. Mimi nilipewa barua ya onyo. Hasara ya umeme haikatwi tena kwa wafanyakazi, lakini jambo hilo lilichukua miezi saba na barua nne.

Mkahawa ule ungali katika zamu yangu. Sipigi simu tena. Nikifika, Dada hufungua friji kabla sijaomba, akanipa nafasi nipime. Vijana hunikaribisha chai. Yeye huniita Madam.