Ukoka Katika Nyua Zetu

Wasomaji wetu watukufu, huenda baadhi yenu wakastaajabu kuona mwalimu wa chuo ameziacha alifu na be akasimama kuzungumza habari za majani. Lakini nyumba ni amana, na ardhi iliyoizunguka ni amana vile vile. Na jambo liilalo ardhi hiyo kila mwaka mbele ya macho yetu halifai kunyamaziwa.

Ada yetu watu wa pwani ni kwamba ua wa nyumba ya heshima uwe mtupu, uwe umefagiwa mapema, na alama za ufagio zionekane mchangani. Ada hii ina uzuri wake, wala hatuibezi. Lakini tazameni kizingiti cha nyumba iliyojengwa miaka ishirini iliyopita. Zamani mtu alipanda hatua moja kuingia ndani. Leo apanda mbili. Nyumba haikuinuka, bali ni ardhi iliyoshuka. Ufagio huchukua punje chache kila asubuhi, na masika, tangu Machi hata Mei, huchukua nyingi zaidi. Tone la mvua lipigapo udongo mtupu huuvunja, na ule udongo laini huziba vitundu ambavyo maji yangalipita kwenda chini. Basi maji hukimbia juu juu na kuondoka na udongo. Mvua ya milimita 10 tu, ikinyesha juu ya ua wa mita 10 kwa 10, ni maji lita 1,000, yaani madebe 50 ya lita 20.

Chuo chetu ni nyumba ya miti na udongo. Miaka michache iliyopita, baada ya masika, tuliona pembe moja imeachwa wazi chini hata nguzo zaonekana, na nyuma ya ukuta ule ndipo wanapokaa watoto wadogo na misahafu yao. Fundi alitwambia kwamba kukandika upya ni kazi bure ikiwa ardhi itaendelea kuondoka. Hapo ndipo tulipotia nia ya kupanda ukoka.

Ahali yetu hakupendezwa, na bibi mmoja jirani, mtu mzima tunayemheshimu, alikuja kutunasihi. "Maalim," alisema, "ua wenye majani ni ua wa nyumba iliyohamwa. Na nyoka je? Na mbu?" Tulimjibu: "Bibi yetu, nasaha yako ni ya kheri, nasi twaipokea. Nyoka hujificha katika majani marefu na katika marundo ya kuni na mawe. Majani haya tutayakata yasipite kimo cha vidole viwili. Ama mbu, yeye hutaga majini, katika makopo na mapipa yasiyofunikwa, wala hatagi juu ya ukoka mkavu." Hakuridhika siku ile. Ahali yetu naye alishika sharti moja: ua wa jikoni, anapopepetea mchele na kuanika nazi, ubaki mtupu kama ulivyokuwa. Tuliona ana haki, tukakubali.

Kazi yenyewe si ngumu. Ukoka hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia, na kila fundo laweza kutoa mizizi. Hauhitaji mbegu. Ng'oeni vitambaazi vyake kando ya njia, mvikate vipande vyenye mafundo matatu au manne, mvilaze katika vifuo vyembamba, shubiri moja baina ya kipande na kipande, mvifukie nusu, kisha mkanyage. Wakati wake ni mwanzo wa mvua. Wiki za kwanza msiache udongo ukakauka, na mbuzi wazuiwe. Pale maji ya paa yanapodondokea wekeni kokoto, kwani michirizi hung'oa miche michanga.

Ukoka wapenda jua. Chini ya mwembe mnene hautakaa. Hapo acheni majani makavu yafunike udongo. Wakati wa kiangazi hugeuka rangi ya kahawia, na mtu asiyeujua hudhani umekufa, kumbe mvua ikirudi nao hurudi. Lakini jihadharini nao karibu na bustani ya mboga. Kipande kidogo kikibaki ardhini huchipua tena, na wakulima wana sababu kuuchukia. Kateni mpaka wake kwa jembe kila mwezi, msiuachie.

Sasa ardhi ya pembe ile haiondoki tena, na udongo uliokandikwa umesimama. Faida nyingine hatukuitazamia. Zamani watoto walitawadha penye pipa, kisha wakakanyaga tope mpaka kwenye mikeka, na sisi tukawarudisha wakaoshe miguu mara ya pili. Leo wapita juu ya majani, wafika na miguu safi.

Yule bibi hakutwambia neno juu ya jambo hili, ila masika yaliyofuata alimtuma mjukuu wake na kikapu kuomba vipande. Tulikijaza. Katika mimea yote hii ndiyo sadaka nyepesi kabisa, kwani ukitoa leo, kesho pengo limezibika. Basi mwenye nao ampe jirani, na asiye nao asione haya kuomba, kabla masika mengine hayajachukua sehemu yake.