Dakika Nne Nilizozifuta

Kaseti yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya dakika 90, kasha lake limepasuka kona moja, na kwenye karatasi ya mbele shemeji alikuwa ameandika kwa wino wa buluu, herufi kubwa: LARKS. Chini yake, kwa herufi ndogo: KC. Nilidhani Larks ni jina la mtu. Labda baharia mwenzake aliyemrekodia, labda mwenye duka la kanda katika bandari fulani. Na kwa kuwa sikuwa na hamu ya kumjua huyo Larks, sikuuliza.

Ilikuwa mwaka 1992, Tanga, nikikaa kwa dada huku nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Shemeji alikuwa ameacha kazi ya meli muda si mrefu, na kati ya vitu alivyorudi navyo lilikuwemo sanduku la bati lililojaa kaseti. Nyingi zilikuwa za kueleweka: Franco, Bob Marley, Jim Reeves, taarabu. Ni hiyo moja tu iliyokuwa ikinitoa sebuleni. Ikiwekwa, nilikumbuka kwamba sijateka maji.

Mchana mmoja Redio Tanzania ikapiga wimbo wa Mlimani Park, wale Sikinde, niliokuwa nauwinda wiki nzima. Sikuwa na kaseti tupu. Nikachukua iliyokuwa karibu, nikairudisha mwanzo kwa kalamu ya Bic ili nisile betri, nikakuta shemeji hakuvunja vile vijino viwili vya plastiki vya nyuma, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Wimbo ulipoisha na mtangazaji kuanza kusoma salamu, nikazima. Zilikuwa dakika nne hivi.

Nimeandika “iliyokuwa karibu”, na hapo hapo najiona nimeanza kujitetea. Zilikuwepo nyingine karibu zaidi. Niliichagua ile kwa sababu niliona haina hasara: ukifuta kelele, umefuta nini?

Jioni, baada ya chakula kupakuliwa, shemeji akaiweka. Ikatoka Sikinde. Akaitazama redio, akanitazama mimi, nami nikainamia sahani. Magitaa ya Sikinde yakaisha taratibu, mtangazaji akatamka nusu ya neno, kisha kikaanguka kishindo cha gitaa jingine kabisa, zito, katikati ya jambo ambalo sasa hakuna aliyejua lilianzaje. Shemeji akasema, “Aa.” Akaendelea kula. Hakulizungumza tena, wala hakuacha kuisikiliza. Mwaka ule wote kaseti ile ilipigwa hivyo hivyo: Sikinde, nusu neno, kishindo.

Mimi nilikulia kwenye muziki wa dansi, na muziki wa dansi una adabu zake. Wimbo unaanza taratibu, waimbaji wanaeleza kisa, halafu magitaa yanachangamka, linaingia chemko, na hapo hata aliyekuja na huzuni zake anainuka. Mguu unajua mapema utakanyaga wapi. Katika kanda ya Larks kila nilipodhani chemko linakuja, muziki ulikatika, akabaki mtu wa fidla peke yake, kama amesahauliwa ukumbini. Kila nilipopiga kofi nilipiga pasipo. Na huko nyuma kulikuwa na mtu anayegonga vitu. Nikamtania shemeji kwamba amemrekodi fundi mabati wa Gerezani bila kumlipa.

“Shemeji,” nikamwuliza siku moja, “chemko la hawa liko wapi?”

“Limeshapita, shemeji,” akasema, bila kugeuka.

Nilicheka. Nilidhani ananijibu utani kwa utani.

Matokeo yakatoka, nikaondoka Tanga, na mambo mengine yakachukua nafasi. Sitaki kujifanya kwamba kanda ile iliniandama miaka yote hiyo. Haikuniandama. Ila mara moja moja, hasa katikati ya mabishano na mtu, ile “limeshapita” ilinirudia, nami sikujua kwa nini. Dada yangu ana kauli yake juu yangu, aliyoisema tangu tukiwa wadogo na anaisema hata leo: kwamba mimi nasikiliza kama mtu aliye kwenye foleni ya benki, namtazama aliye mbele yangu lakini ninachongoja ni zamu yangu. Nimempinga mara nyingi. Mara nyingi nimempinga kabla hajamaliza kusema.

Mwaka 2019, nikiwa kwenye daladala ya Mbagala jioni, foleni imeganda, nikaandika kwenye simu lile neno, Larks, na zile herufi mbili. Sikuwa na sababu kubwa. Nilichoka kusoma mabango. Kumbe si mtu. Ni albamu ya King Crimson, bendi ya Uingereza iliyoanza London kati ya 1968 na 1969, na jina lake refu ni Larks' Tongues in Aspic, yaani ndimi za ndege fulani mdogo zilizogandishwa kwenye mchuzi. Ilitoka Machi 1973. Ni muziki wanaouita progresivu roki, roki iliyotaka watu wakae chini wasikilize. Wimbo wa kwanza una zaidi ya dakika 13. Nikavaa spika za masikioni, nikasubiri kishindo.

Hakikuja. Kikaja kitu kidogo, cha mbali, kama matone ya maji yanayoangukia sufuria mbalimbali. Nikaongeza sauti. Ilikuwa kalimba. Vidole gumba viwili juu ya vyuma vyembamba, vinazunguka mle mle, vinabadilika kidogo, vinazunguka tena, karibu dakika tatu nzima, kengele zikiingia na kutoka kama upepo umefungua mlango. Ndipo ikaingia fidla, inasaga pole pole, na kwa mbali gitaa, mpaka kile kishindo nilichokifahamu kikafika. Na safari hii hakikuanguka. Kilitoka mahali. Kilikuwa kimeandaliwa kwa subira ambayo mimi, mwaka 1992, niliifunika kwa wimbo wa Sikinde.

Ningependa kusema niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye. Nilichokiona kwanza ni fahari, na hiyo ndiyo sehemu ninayoona tabu zaidi kuieleza. Kwa wiki kadhaa nilimwambia kila aliyekubali kukaa karibu nami kwamba Waingereza wale walianza albamu yao kwa chombo chetu. Nilisikiliza zile dakika tatu tu, kisha nikarudisha mwanzo. Zamani nilifuta mwanzo nikaacha kelele. Sasa nilikuwa nafuta kelele kwa kidole, nikijiona msikilizaji.

Aliyenitoa huko ni Mgogo mmoja ninayefanya naye kazi. Nilimsikilizisha, nikimngojea afurahi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba ilimba, yaani kalimba ya kwao, hailii hivyo. Ile ya kwao inavuma: kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, sauti itoke na mnguruno wake, na zile kubwa zina vyuma visivyoguswa ambavyo hulia vyenyewe vikisikia jirani zao. Akaniuliza kama namjua Hukwe Zawose, mpiga ilimba. Nikasema namjua. Akaniuliza wimbo wake upi. Nikanyamaza.

Basi nikaanza kusoma, kama mtu anayelipa deni kwa senti. Kalimba kama ijulikanavyo ng'ambo ilipata jina na umbo hilo kwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, akazunguka nchi nyingi na mitambo ya kurekodi, Tanganyika ikiwemo mwaka 1950, kisha akaanza kuunda na kuuza vyombo vyenye sauti zilizopangwa kwa skeli za kizungu. Kwa hiyo hicho nilichokiita chetu kilikuwa kimesafiri na kubadilishwa nguo kabla hakijafika studio ya London. Zawose, kwa upande wake, aliyefundisha Bagamoyo mpaka alipofariki 2003, sauti yake ilitolewa ulimwenguni na lebo ya Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa Genesis, ambaye albamu yake ya pili ya mwaka 1978 ilitayarishwa na Robert Fripp, yule yule mpiga gitaa wa King Crimson. Nilipoona mzunguko huo nilitaka sana uwe na maana. Sina hakika kama unayo. Huenda ni watu wachache wa fani moja waliojuana, basi.

Ila mpigaji wa kalimba ile nilimpenda. Aliitwa Jamie Muir, na ndiye pia yule “fundi mabati”. Utani wangu ulikuwa kweli tupu: alikuwa na karatasi za chuma, minyororo, kengele, filimbi za milio ya ndege. Mtu mmoja alipiga kile nilichokitukana na kile nilichojivunia. Jina la albamu nalo lilitoka kwake. Na kabla hata haijatoka alikwisha kuondoka kwenye bendi, akaenda kuishi kwenye monasteri ya Kibudha huko Scotland. Alifariki Februari 2025. Aliyebaki na ngoma ni Bill Bruford, ambaye mwaka 1972 aliiacha Yes ikiwa kileleni ili aje huku. Watu wa ajabu. Fripp mwenyewe aliivunja bendi mwaka 1974, akaiunda upya 1981, akaivunja tena, hivyo hivyo mpaka onyesho la mwisho Tokyo, Desemba 8, 2021. Na muda wote huo anapiga gitaa akiwa ameketi kwenye stuli, ametulia kama mpiga udi wa taarabu. Picha hiyo ilinisaidia kuliko maelezo yote niliyoyasoma. Taarabu hatuendi kuingoja ichemke. Tunakaa.

Nikaamua kuukabili wimbo wa mwisho wa albamu, unaobeba jina lile lile, sehemu ya pili, ambao mguu wangu ulikuwa haujawahi kuuelewa. Nilihesabu gotini kwa vidole, Mbagala hadi Posta, asubuhi nyingi. Nne haikufaa. Tano ilikaribia. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama naumwa. Siku moja, tumesimama Mtoni, vidole vikaenda vyenyewe: tatu, tatu, mbili, mbili. Kumi. Nikarudia. Tatu, tatu, mbili, mbili. Mguu ukashuka mahali pake na gitaa likashuka pamoja nao, na nilishangaa jinsi hesabu ilivyokuwa ndogo. Miaka 27 nilikuwa nasema hawa watu hawana mapigo.

Hata hivyo sijui kama hiyo ndiyo inayoitwa kuupenda muziki. Mtu akinilazimisha kusikia mashine ya kusaga kila siku kwenda kazini, nayo pengine ningeijua mapigo yake na kuikosa ikizimwa. Mazoea hujigeuza sura, yakakujia kama mapenzi. Ule wimbo wao wa 1969 uitwao Moonchild, wenye dakika nyingi za vyombo vinavyotafutana gizani, nimeujaribu zaidi ya mara 10 na kila mara nimesinzia. Zamani ningesema ni mbaya. Sasa siwezi kusema hivyo, wala siwezi kusema ni mzuri, nasema nimesinzia. Pengine huko ndiko kukua. Pengine ni woga tu wa kukosea mara ya pili.

Desemba iliyopita nilikwenda Tanga. Shemeji sasa amezeeka, anatembea na bakora, lakini masikio yake ni yale yale. Nikampa spika za masikioni, nikamwekea wimbo ule mzima, kuanzia mwanzo wake halisi, nikakaa mbele yake bila kusema. Alifumba macho. Kalimba ikapita, fidla ikapita, nikaona kidole chake kinaanza kugonga bakora. Dakika kama tano hivi. Kisha akafumbua jicho moja.

“Nzuri,” akasema. “Lakini Sikinde iko wapi?”

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikamwambia, “Shemeji, ile Sikinde ni mimi. Mimi ndiye niliyekufutia kaseti.”

“Najua. Nyumba ilikuwa na watu watatu, na dada yako alikuwa hajui kurekodi.” Akarudisha spika masikioni, halafu akazitoa tena. “Mwanzo huu niliwahi kuusikia melini, nikausahau. Ule wako nimeusikia miaka na miaka. Mimi ukianza bila ule naona kama wameukata.”

Sikujua nijibu nini. Nilikuwa nimekuja na msamaha wangu umepangwa vizuri tangu Chalinze, na sasa haukuwa na pa kukaa.

Kaseti bado anayo. Aliitoa kwenye lile sanduku la bati, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, maandishi ya buluu yamefifia lakini yanasomeka. Redio ya kuipigia ndiyo ilikufa zamani, na fundi aliyemwita amesema mkanda wake wa ndani haupatikani tena. Nimemwahidi kumtafutia nyingine. Msomaji uliye na redio kaseti inayofanya kazi, hata kama ya mlango mmoja, niambie bei yako.