Roboti, Wii na vifuniko vya soda

Blogu imekuwa kimya kwa muda kwa sababu nilibanwa na kazi za watu wanaonilipa. Leo nawaletea habari za kazi isiyonilipa.

Mnakumbuka niligusia ile programu yangu ndogo ya simu, ile inayohesabu miendo ya mkono wa mtu aliyepata kiharusi. Barua pepe zimemiminika! Jamaa mmoja anataka tushirikiane kutengeneza mchezo wa kuchezwa na miwani ya tarakilishi, tuuze kwa hospitali. Mwingine anauliza kama programu inaweza kuunganishwa na glavu yenye mota. Barua ya tatu imetoka kwa dada mmoja wa Kayole. Mama yake alipooza upande wa kulia miezi minne iliyopita. Dada ameweka akiba ya shilingi elfu themanini, na ameiona glavu ya namna hiyo mtandaoni, ya kuagizwa kutoka China. Swali lake ni moja tu: anunue glavu, au pesa hizo amlipe mtaalamu wa mazoezi ya viungo?

Hao wawili wa kwanza wanaweza kungoja. Dada namjibu hapa hadharani, kwa ruhusa yake, maana swali lake najua liko katika nyumba nyingi za mitaa yetu. Wapo bado wanaodhani kiharusi ni ugonjwa wa matajiri. Watafiti waliofuatilia wagonjwa nchini Tanzania kati ya 2003 na 2006 walikuta kuwa Dar es Salaam ilikuwa na visa vipya 316 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wilaya ya Hai huko Kilimanjaro 109 hivi, baada ya kusawazisha umri. Mjini mara tatu ya shambani. Na sisi ni watu wa mjini.

Mimi si daktari. Ni mwandishi wa programu mwenye baba mdogo fundi cherehani, na mwenye tabia mbaya ya kusoma ripoti za utafiti saa za kulala.

Baba mdogo alipata kiharusi Machi 2024 akiwa kibandani kwake karibu na soko la Jericho, anashona sare za shule. Mkono wa kushoto ukamfia. Watu walimpa pole wakiongeza, "Afadhali ni wa kushoto." Hao hawajawahi kukaa nyuma ya cherehani. Wa kulia hushika gurudumu na kulipunguza mwendo, lakini wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa kisiikimbie sindano. Fundi asiye na mkono wa kushoto atashona mstari wa nyoka.

Anaishi Umoja, ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Karatasi aliyopewa akitoka hospitalini ilisema mazoezi mara mbili kwa wiki. Mara mbili kwa wiki ni kushuka ngazi akishikiliwa na watu wawili, teksi (boda haiwezekani kwa mtu asiyeweza kujishikilia), kungoja kwenye benchi, teksi tena, ngazi tena. Ikawa mara moja kwa wiki, na mwisho wa mwezi pesa zikiisha, hata hiyo moja hakuna.

Nilimsindikiza siku moja, na kwa kuwa kuhesabu vitu ndio ugonjwa wangu, nilihesabu. Katika kikao cha dakika arobaini, mkono wa kushoto ulifanya jambo la maana, yaani kufikia kitu, kukishika au kukiachilia, mara ishirini na saba. Muda uliobaki ulikwenda kwenye kunyoosha misuli, kutembea na kuulizana hali. Fizio mwenyewe alikuwa mama makini sana, na wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wanamngoja.

Usiku huo nilitafuta kama kuna mtu mwingine duniani amewahi kukaa pembeni akahesabu. Yupo! Catherine Lang na wenzake walihesabu katika vikao 312 vya mazoezi, mahali saba Marekani na Kanada, wakachapisha mwaka 2009. Pale ambapo mkono ulifanyishwa kazi za maana, wastani ulikuwa marudio 32 kwa kikao. Thelathini na mbili, katika nchi zenye kila kifaa. Wakati huohuo wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kubadilika baada ya kuumia walikuwa wakirudia tendo lao mara mamia kwa siku.

Kwa nini marudio? Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Kinachotokea ni kama siku Barabara ya Jogoo ikifungwa: matatu hazilali Muthurwa zikingoja, zinajipenyeza katika njia za ndani za mitaa. Mara ya kwanza dereva anapotea. Mara ya hamsini anajua kila shimo. Ubongo nao hutafuta njia za pembeni, na njia hizo hushika kwa kupitwa, si kwa kuelezwa. Mkono usiotumika hupoteza hata njia ulizobaki nazo. Edward Taub aliliona hilo kwa nyani miaka mingi iliyopita, na utafiti ulioitwa EXCITE, wa mwaka 2006, uliwavalisha wagonjwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa wiki mbili ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Walikuwa watu 222, na walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Ila tahadhari: walichaguliwa wale waliokuwa tayari wanaweza kuinua kifundo cha mkono na vidole angalau kidogo. Mkono uliolala kabisa, soksi kwenye mkono mwingine itauletea mateso tu.

Haya, tuje kwenye programu, maana najua baadhi yenu mmeruka mpaka hapa.

Simu yoyote ya Android, hata ile yenye kioo kilichopasuka iliyolala kwenye droo yako, ina kihisi kinachopima mwendo. Simu inafungwa kwenye mkono, juu kidogo ya kifundo, kwa bandeji. Programu inasoma kihisi mara hamsini kwa sekunde, inalainisha namba kwa wastani wa zile za karibu, kisha inatafuta kupanda na kushuka. Ukiweka kizingiti kimoja, mkono unaotetemeka utavuka kizingiti hicho mara kumi katika tendo moja na utapewa hesabu ya uongo. Kwa hiyo nimeweka viwili. Lazima namba ivuke kile cha juu, kisha ishuke chini ya kile cha chini, ndipo lihesabiwe rudio moja. Msimbo wa sehemu hiyo hauzidi mistari sitini. Hakuna akili bandia, hakuna seva, hakuna mtu anayetumiwa data za mtu. Baada ya kila marudio hamsini simu inapiga kengele, naye baba mdogo anaitukana kwa upendo.

Kitu ambacho simu haikioni ni kiwiliwili. Mtu aliyepooza mkono ni mjanja: badala ya kunyoosha kiwiko, anainamisha mwili mzima mbele na mkono unafika bila kufanya kazi. Kihisi kitamhesabia. Fizio ndiye aliyetuambia tumtazame mabega. Huko Montreal, Kanada, kundi la Mindy Levin liliwafunga wagonjwa kiwiliwili kwenye kiti wakati wa mazoezi ili kiwiko kikose kisingizio, na matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa inasaidia. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka na leso. Akamzungushia mumewe kifuani na kwenye mgongo wa kiti, akafunga fundo nyuma. "Sasa fika," akamwambia. Ndicho kifaa bora kuliko vyote nilivyoviona katika kazi hii, na hakina betri.

Sasa glavu, miwani na michezo. Dada, hapa ndipo jibu lako lilipo, na halitawafurahisha wenzangu wa teknolojia.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa EVREST. Wagonjwa 141 waligawanywa kwa kura. Nusu walifanya mazoezi ya mkono kwa kucheza Nintendo Wii, nusu kwa michezo ya mezani ya kawaida: karata, bingo, mpira. Muda wa kucheza ulikuwa sawa. Mwishoni wote walikuwa na nafuu, na Wii haikuwazidi karata. Karata! Halafu mwaka 2019 Waingereza wakachapisha RATULS, wagonjwa 770, wengine wakifundishwa na roboti ya mkono, wengine na binadamu kwa mazoezi ya ziada, wengine huduma ya kawaida tu. Roboti haikuwapa watu mkono bora kuliko huduma ya kawaida.

Kwa hiyo, jamaa wa miwani, asante, lakini hapana. Sitasaidia kumuuzia mtu wa Dandora kwa makumi ya maelfu kitu ambacho karata za shilingi mia zinafanya sawasawa. Hapo chini ya nyumba ya baba mdogo wazee hucheza drafti kila jioni kwa vifuniko vya soda juu ya kibao. Sheria yake mpya ni kwamba kete zake anazisogeza kwa mkono wa kushoto. Mchezo mmoja unampa marudio sitini hivi. Wanamcheka akiangusha, wanamwokotea, wanamfunga bila huruma, naye kesho anataka kulipiza kisasi. Niambie ni programu gani iliyowahi kumfanya mtu ashuke ghorofa tatu akiwa na mguu mmoja wenye nguvu.

Lakini msiniweke kwenye kundi la wanaosema "fanyeni tu nyumbani, mtapona." Nchini India walilijaribu hilo vizuri kabisa. Utafiti wa ATTEND, hospitali 14, wagonjwa 1,250, uliwafundisha jamaa wa mgonjwa kumfanyisha mazoezi nyumbani. Matokeo yalitoka 2017. Baada ya miezi sita, asilimia 47 ya waliofundishiwa jamaa walikuwa wamekufa au wanategemea wengine, na asilimia 47 ya wasiofundishiwa vilevile. Sawa sawa. Nilipoisoma nilifunga tarakilishi nikaenda kulala. Na Lang yuleyule wa kuhesabu alirudi mwaka 2016 na jaribio la watu 85 waliopita miezi sita tangu kiharusi, akawapa makundi marudio 3,200, 6,400 na 9,600, na lingine lake kadiri mtu alivyoweza. Waliofanya mengi hawakupata zaidi ya waliofanya machache.

Nimeyazungusha haya kichwani kwa miezi. Ninavyoyaelewa mimi ni kwamba namba peke yake haiponyi. ATTEND haikunishangaza sana baada ya kuitafakari: ukimkabidhi mzigo wa fizio binti anayeamka saa kumi na moja kuchuuza chapati, ametoka kazini, ana watoto, umemwongezea kazi bila kumwongezea saa. Na kundi la chini kabisa la Lang lilifanya marudio 3,200. Baba mdogo kwa kikao cha mara moja kwa wiki angehitaji zaidi ya miaka miwili kuyafikisha. Sisi hatubishani kati ya elfu sita na elfu tisa. Sisi tuko kwenye ishirini na saba.

Basi dada, glavu usinunue. Kwanza hakikisha dawa za presha za mama hazikatiki hata siku moja, maana kiharusi cha pili hufuta kazi yote. Kisha mlipe fizio, lakini usitandaze pesa zote kwenye vikao vya kunyooshwa misuli. Mwambie wazi kwamba unataka akufundishe kazi nne au tano za kufanyika nyumbani, na aje nyumbani angalau mara moja aone kiti, ngazi na choo chenu. Halafu kila wiki tatu abadilishe, kazi ziwe ngumu zaidi kidogo. Chagua kazi ambazo mama alikuwa akizifanya mwenyewe. Umesema aliuza mboga. Sukuma za kukata zipo, sarafu za kuhesabu zipo. Na kama kuna majirani watatu wanaoweza kushika zamu, washike, usibaki peke yako.

Baba mdogo yuko wapi leo? Kiwiko kinanyooka karibu chote. Kidole gumba na cha shahada vinakutana. Anaweza kuweka kiganja cha kushoto juu ya kitambaa na kukisukuma, na mwezi uliopita alipinda pindo za mapazia mawili, mistari iliyonyooka. Vifungo bado hawezi, na sare za shule bila vifungo si kazi. Kibanda amempangisha kijana mmoja kwa masharti kwamba cherehani moja isiguswe.

Toleo jipya la programu nataka lisome simu mbili, moja kila mkono, ili lionyeshe siku nzima mkono dhaifu umefanya kazi kiasi gani ukilinganishwa na mzima. Msimbo ni huria, atakaye na auchukue, ila naomba asiutie matangazo. Nahitaji simu kuukuu za Android za kujaribia, kioo kikipasuka si neno mradi kihisi kiwe kizima. Na kama unamfahamu fizio wa upande wa Kariobangi au Komarock aliye tayari kutazama watu watano wakiitumia, mpe anwani yangu.