Kisiwa cha Hayy na Maji ya Mida

Watoto wetu wanapenda vitabu vya watu waliopotea. Wamemsoma Robinson Crusoe na kisiwa chake, wamesoma habari za theluji, mbwa mwitu na majangwa, na jioni hushindana nani angeweza kuishi porini siku nyingi zaidi. Siku moja binti wa miaka kumi alituuliza: Je, Waislamu hawakuandika hadithi kama hizi? Swali hilo ndilo lililotutoa majumbani mwetu katika likizo ya Desemba, tukasafiri kutoka Malindi hadi Mida, akina mama sita na watoto kumi na mmoja.

Mwalimu wa madrasa ya watoto, ambaye ni mmoja wetu, alikuwa na jibu mkobani mwake. Kitabu hicho kinaitwa Hayy ibn Yaqdhan, nacho kiliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 12 na Abu Bakr ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalus, aliyemtibu Khalifa Abu Yaqub Yusuf na kufariki Marrakesh mwaka 1185. Kilifasiriwa kwa Kilatini na kuchapishwa Oxford mwaka 1671, kisha kikafasiriwa kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kiarabu mwaka 1708. Daniel Defoe alitoa Robinson Crusoe mwaka 1719, na wapo wataalamu wanaoona kwamba kisiwa cha pili kina deni kwa kisiwa cha kwanza. Lakini kilichowafurahisha zaidi watoto ni jambo jingine: Ibn Tufayl amekiweka kisiwa chake katika bahari ya Hindi, chini ya mstari wa ikweta. Ni bahari yetu hii.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara kusini ya Watamu. Upande mmoja wake kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, na kandokando ya maji imejipanga mikoko, mikandaa na michu. Maji yanapopwa, hubaki uwanda mpana wa mchanga na tope, na juu yake hutembea kwa maelfu ndege wa pwani, ambao wengi wao wamekimbia baridi ya nchi za kaskazini. Tulifika karibu na saa tano asubuhi. Uwanda ulikuwa mkavu, unang'aa kama sinia. Tukavua viatu, tukavuka mfereji mdogo ambao maji yake hayakupita vifundo vya miguu, tukaenda hadi kwenye fungu la mchanga lililoinuka, mbali na nchi kavu. Hapo tukatandika mikeka, watoto wakazunguka, mwalimu akafungua kitabu.

Mwandishi ametaja kauli mbili juu ya asili ya Hayy. Mwalimu alichukua ile ya mtoto aliyezaliwa kwa siri, mama yake akamtia ndani ya sanduku na kumkabidhi kwa Mola wake na kwa bahari. Watoto wakasema kwa sauti moja: kama mama yake Nabii Musa! Naam, akasema mwalimu, lakini sikilizeni namna alivyofika. Usiku ule maji yalijaa kwa nguvu, yakalichukua sanduku hadi ndani ya kichaka cha kisiwa kingine, mahali ambapo maji hayafiki ila mara moja kwa mwaka. Yakapwa, sanduku likabaki juu ya mchanga. Paa aliyempoteza mwanawe akakisikia kilio, akaja, akamnyonyesha.

Tukaendelea. Hayy akakua miongoni mwa wanyama, asijue kusema. Alipokaribia miaka saba akajiona hana manyoya wala pembe, akajisitiri kwa majani. Majani yakakauka na kuanguka, akavaa manyoya ya tai aliyemkuta amekufa. Paa alipokufa, hakujua la kuufanyia mwili wake mpaka alipomwona kunguru akimfukia mwenziwe, nasi tukawakumbusha watoto kisa cha wana wawili wa Adam katika Suratul Maida. Kisha akauona moto ukiwaka katika matete, akaushika, ukamchoma. Akajifunza kukichukua kijinga kwa upande usiowaka, akaulisha moto usiku na mchana usizimike. Akatupa ndani yake viumbe wa baharini waliotupwa pwani, harufu ikamjia, akajua ladha ya kilichopikwa. Watoto walicheka sana hapo, maana hakuna mtoto wa Malindi asiyeijua harufu ya samaki wa kuchoma.

Ilikuwa kama saa sita na robo tulipoinuka ili tutie udhu kwa ajili ya Adhuhuri. Hatukuhitaji kuyafuata maji, kwa kuwa yalikuwa yametufuata. Uwanda tuliopita haukuwapo tena. Ule mfereji mdogo ulikuwa mkondo unaokwenda kwa kasi kuelekea bara, na mvulana mkubwa alipoingia kuupima, maji yalimfika kiunoni. Mdogo wetu kabisa ana miaka minne. Hakuna aliyepiga kelele, lakini tuliacha kutazamana, kila mama akawa anahesabu watoto kwa midomo.

Ndipo tukasikia sauti kutoka kwenye mikoko. Mama mmoja wa kijiji cha karibu, mtu mzima mwenye ndoo kichwani, alikuwa akitupungia mkono. "Msipite huko! Huko pana kina. Nifuateni mimi, mshike watoto!" Akaja hadi tulipo, akamwinua yule mdogo begani kama mzigo wa kuni, akatupitisha kwa mzunguko mrefu, penye mchanga mgumu kandokando ya mizizi, ambapo maji hayakutupita magoti. Tulipokanyaga nchi kavu, buibui zimelowa na kiatu kimoja kimekwenda na maji, akauliza kwa upole, "Mwatoka wapi, wanangu? Leo mwezi ngapi?"

Watoto walijibu kabla yetu, kwani nyanya zao wawili walikuwa wamefunga: "Kumi na tano! Ni ayyamul-biidh!"

Akatutazama sisi, si watoto. "Mwezi mwaujua, na maji yake hamuyajui?"

Hatukuwa na jawabu, wala hatuna mpaka leo. Sisi ni wana wa pwani. Kila mwezi tunahesabu siku za mwandamo kwa ajili ya funga ya sunna, na Ramadhani tunapanda madarini kuutafuta hilali. Lakini mwezi ule ule unaotuambia lini tufunge ndio unaoivuta bahari, nasi tulikuwa tumeitenga elimu moja na nusu yake. Tulikuwa tumekaa juu ya fungu la mchanga, siku ya bamvua, tukisoma kisa cha bamvua.

Tuliswali Adhuhuri pale pale kivulini, na sijida ya siku ile ilikuwa ndefu. Njiani tulishauriana kama tuyasimulie haya nyumbani au tuyafiche kwa kuona haya. Tukaona kwamba aibu iliyofichwa yaweza kumzamisha mtoto wa mwingine. Kwa hiyo twaandika, na twaandika pia yale aliyotufundisha yule mama huku akikausha leso yake.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa sana, na tofauti baina ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Katika siku hizo, pwani yetu hii, maji hupwa karibu na saa nne asubuhi na hujaa karibu na saa kumi alasiri, na ndani ya mikono ya bahari kama Mida huchelewa kidogo. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapokuwa nusu, karibu na tarehe saba au ishirini na mbili, ni maji mafu, yasiyokwenda mbali wala kurudi kwa nguvu. Anayeijua tarehe ya mwezi anayo saa ya bahari mkononi.

Hatuwakatazi watoto vitabu vya porini, tumewaongezea. Hayy hakuwa na kitabu wala mwalimu, akanusurika kwa kutazama na kuuliza sababu ya kila alichokiona. Msomaji wake akifumba macho mbele ya bahari, hajamsoma bado. Sasa, kabla ya safari yoyote ya pwani, mtoto mdogo kuliko wote hutakiwa ataje mwezi ni ngapi na maji yatakuwaje, na hatuvai viatu mpaka ajibu.

Mwenyezi Mungu amjaze kheri mama yule, atuhifadhie watoto wetu barani na baharini, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.