Maiti iko wapi?

Mwisho wa mwaka 1960 nilikuwa na miaka minane, na nyumba yetu ya Mangobo ilikuwa ikingoja mgeni. Si sisi peke yetu. Stanleyville yote, kama Kisangani ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa na habari kwamba Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa madarakani, ametoroka Léopoldville, Kinshasa ya leo, usiku wa tarehe 27 Novemba na anakuja kwetu. Angekwenda wapi kwingine? Hapa ndipo alipokuwa karani wa posta. Hapa ndipo alipofungwa kwa ajili ya pesa za posta hiyohiyo, jambo ambalo wazee wetu hawakulificha. Hapa ndipo alipokamatwa tena Novemba 1959, baada ya askari kuwapiga watu risasi. Kwao ni Sankuru, lakini mji wetu ulimhesabu mtoto wake.

Hakufika. Walimkamata mwanzoni mwa Desemba, huko kwenye mto Sankuru. Mama aliendelea kusema yuko njiani.

Tarehe 13 Februari 1961 Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, jimbo lililojitenga walikokuwa wamempeleka, alitangaza kwamba Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito wametoroka kifungoni na wanakijiji wamewaua. Ulikuwa uongo, walikwisha kupigwa risasi tangu tarehe 17 Januari. Nakumbuka sauti za wanawake zikianza avenyu ya nyuma, zikija nyumba kwa nyumba. Mama alitoka hadi mlangoni, mikono ina unga.

"Maiti iko wapi?" akauliza.

Hakuna aliyejibu.

"Basi hajakufa," akasema, akarudi jikoni.

Jirani aliyekuwa amekwisha kutandika mkeka uani akaukunja tena. Mtu wa nje anaweza kuona huo ni ukaidi, lakini kwetu matanga yana mwanzo. Mwili unaletwa, mikeka inatandikwa, moto unawashwa uani, watu wanakesha, mnazika, halafu inakuja siku ya kutoa matanga na kila mtu anarudi kwake. Sasa bila mwili, mtu anaanzia wapi kulia? Na atanyamaza lini?

Huko mbali watu walijua la kufanya. Kairo walivamia ubalozi wa Ubelgiji, Moscow wakakipa chuo kikuu jina lake. Kwetu, mwezi uleule, wafungwa wa siasa walitolewa gerezani wakapigwa risasi. Miongoni mwao walikuwa Gilbert Pongo, mwanajeshi aliyemkamata Lumumba, na Alphonse Songolo, aliyekuwa waziri wake kabla ya kumgeuka. Mtaani wengine walishangilia. Baba alisema polepole kwamba hao nao wana mama zao, na mama akamtazama bila kusema kitu.

Halafu wakaja waasi walioitwa Simba. Agosti 1964 waliingia mjini wakipiga kelele "Mai Mulele!", wakiamini risasi zitageuka maji. Katikati ya mji palikuwa na mnara wa Lumumba, na mbele ya mnara ule waliua watu. Waliuawa makarani na walimu, watu wa aina yake yeye mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikatazwa kupita njia ile, nami sikuhitaji kukatazwa mara mbili. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani, na baada yao wanajeshi wa serikali na mamluki wakaanza kuwatafuta waliowashangilia Simba. Mama alichukua picha ya Lumumba ukutani akaizika ndani ya mkebe wa unga.

Mwaka 1966 Rais Mobutu, ambaye watu wake ndio waliomfunga Lumumba, alimtangaza shujaa wa taifa. Majirani wakarudisha picha ukutani. Mama hakuitoa ya kwake. Unga ndani ya mkebe ulibadilishwa mara nyingi, picha ikabaki chini.

Alifariki 1997 na swali lake. Miaka miwili mitatu baadaye tukasikia jibu kutoka Ubelgiji. Polisi mmoja, Gérard Soete, alikiri kwamba yeye na mwenzake waliikata miili ile wakaiyeyusha kwa asidi, na kwamba alibaki na meno. Nilishukuru mama hakuyasikia hayo.

Juni 2022 familia ilirudishiwa jino moja lenye dhahabu. Kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30, jeneza lilizungushwa nchini, likapita Kisangani. Nilisimama juani na mjukuu wangu. Wanajeshi waliolibeba walitembea kwa hatua nzito, kama watu waliobeba mtu mzima. Mjukuu akaninong'oneza kama kweli mna jino tu mle. Nikamwambia ndiyo. Amechelewa miaka sitini na moja, lakini amefika.

Jioni nilitandika mkeka uani, nikawasha moto. Wakaja mama wawili wa rika langu, bila kuitwa, wakaanza kulia kama anavyoliliwa jirani. Kijana mmoja wa pikipiki akasimama nje.

"Papa, nani amekufa?"

Nikamtajia jina. Akacheka kidogo, akidhani namtania. Kisha akawatazama wale mama, akazima pikipiki, akavua kofia, akakaa.