Kipaza Sauti Hakitoki Mkononi

Nikiwa studioni nina fundi mitambo wa kukata simu mpigaji akianza matusi. Tukipeleka mjadala wa hadhara Kihoto, hapa Naivasha, sina kinga hiyo. Mwananchi anaponena, maneno yake tayari yako kwenye matatu na kwenye vyumba vya kupangisha vya wafanyakazi wa mashamba ya maua.

Ndiyo maana kipaza sauti hakitoki mkononi mwangu. Namsogezea msemaji mdomoni, lakini anayekishika ni mimi. Waheshimiwa waliozoea kukabidhiwa na kuhutubia hukasirika. Wanivumilie. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliuawa katika mji huu kwa sababu ya kabila lao, wengine wakateketezwa ndani ya nyumba. Mtangazaji mwenzetu wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa katika mahakama ya kimataifa ya The Hague kuhusu ghasia za wakati huo, matangazo yake yakiwa kiini cha mashtaka. Majaji waliisitisha kesi Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi, lakini tangu hapo hakuna mtangazaji wa Bonde la Ufa anayeweza kusema hajui uzito wa chombo anachokishika.

La pili ni nani aanze. Afisa wa serikali hutaka kutangulia, atueleze kuwa mafuriko yanatokana na mabadiliko ya tabianchi. Maelezo hayo yana ukweli: mito ya Malewa na Gilgil inamimina maji katika Ziwa Naivasha, na hakuna mto unaotoka. Mvua ikizidi, ziwa hupanda nchi kavu. Mwaka 2020 maji yaliingia Kihoto, na 2025 yakaja tena, watu wakatolewa majumbani kwa boti. Lakini mimi huanza na wenyeji. Afisa akishasikia walikolala watoto na jinsi maji ya vyoo yalivyochanganyika na ya ziwa, hawezi tena kusoma hotuba aliyokuja nayo.

Katika mjadala mmoja, mama mmoja alisimama akiwa amekunja karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Ploti ameilipia, alisema, na leo anaambiwa amejenga ndani ya ziwa. Je, wakati anauziwa, waliopima na kupiga mihuri walikuwa wapi? Afisa akarudi kwenye mvua. Nikamwambia, mheshimiwa, mama hajauliza habari za mvua. Ni ofisi gani itamjibu, na lini?

Kimya. Redioni, sekunde chache za kimya huogofya. Studio hudhani mitambo imekatika. Fundi alinipungia mkono nijaze. Sikujaza. Ningesema neno lolote, ningemfungulia afisa mlango wa kutokea. Mwishowe akataja ofisi ya ardhi, akataja na siku ya kuja na ramani.

Hapo ndipo naiona faida ya kuiacha studio. Ahadi iliyotolewa ofisini ina mashahidi wawili. Hii ina mashahidi wa bonde zima, na mwenye swali amesimama pale pale. Lakini itakufa nisipoifuata, kwa hiyo naiandika daftarini mbele ya watu na kuisoma hewani kabla hatujafunga mitambo. Siku hiyo ikifika, taarifa ya habari ya asubuhi itaanza na swali la mama yule, ramani iwe imeletwa au haijaletwa.